Folda Inayoitwa Asili

Karibu na stendi hapa Dodoma kuna kibanda cha kijana anayejaza watu nyimbo kwenye flashi na memori kadi. Sote tunapita kwake: madereva wa bodaboda, mama lishe, wauza zabibu, mafundi viatu, na siku hizi hata watumishi waliohamia na serikali. Nyimbo zake amezipanga vizuri. Bongo fleva ziko kwa jina la msanii, injili kwa jina la kwaya, taarabu kwa jina la mwimbaji, zilipendwa kwa jina la bendi. Ukimwambia unamtaka Marijani Rajab, anakuuliza unamtaka akiwa na bendi ipi. Halafu iko folda moja imeandikwa ASILI. Ukiifungua unakutana na Asili 1, Asili 2, Ngoma Dodoma, Wagogo Kali, Asili 17 Mpya. Humo ndimo walimo mama zetu.

Tumelisema jambo hili mbele ya kibanda hicho mpaka koo zimekauka. Kijana wa watu hatumlaumu. Nyimbo alizipata hivyo hivyo kwa mwenzake, na mwenzake aliletewa na mtu aliyerekodi kwa simu kwenye sherehe. Kinachotuuma ni kwamba njia nzima hiyo, kutoka kijijini mpaka kwenye flashi, hakuna hata mmoja aliyeuliza: huyu anayeimba anaitwa nani?

Adha yake unaiona siku mtu anapokuomba umwelekeze. Hawa wenzetu waliokuja kutoka Tanga, Mbeya na Dar es Salaam, wengi wana masikio mazuri. Mtu anaketi kwenye benchi asubiri kiatu chake, anasikia zeze linalia kwenye redio ya fundi, anainua kichwa. "Kaka, huyu nani? Na mimi niwekewe." Tunatazamana. Tunamjibu, "Hizo ni nyimbo za Kigogo." Mtu kauliza jina la mpishi, nasi tunamwambia ni ugali.

Jina moja tunalo, na hilo tunalitaja kifua mbele: Hukwe Zawose. Alitoka huku huku kwetu, akaenda Dar es Salaam kwa wito wa Mwalimu Nyerere, akafundisha miaka mingi Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na alipofariki Desemba 2003 alikuwa amekwisha kuwasikilizisha Kigogo watu wa mabara mengine. Mgeni akituuliza aanzie wapi, tunamwambia aanze na ilimba ya mzee huyo, ala ya vyuma juu ya ubao, kabla hajamsikiliza akiimba. Asikilize vile vyuma vinavyojibizana, kisha asikilize mvumo mwembamba unaotembea chini yake kama nyuki waliofungiwa kibuyuni. Mvumo ule hautoki kwenye vyuma. Ubao wa ilimba hutobolewa matundu, na juu ya tundu hubandikwa utando wa buibui, ule wa kiota chake cha mayai. Chuma kikipigwa, utando unatetema. Mtu aliyewaza kumwomba buibui msaada ili ala yake iseme vizuri, huyo alikuwa fundi wa mafundi, na jina lake nalo hatunalo. Basi mgeni akishausikia mvumo huo, ndipo amwachie Hukwe aimbe, asikie jinsi sauti inavyoshuka mpaka ikawa mngurumo na kupanda mpaka ikawa ya mtoto.

Baada ya Hukwe tunaweza kumtajia mwanawe Msafiri. Tunaweza kumtajia Pendo na Leah wa ukoo huo huo, Zawose Queens, waliotoa albamu yao ya Maisha mwaka 2024. Hao tunawapenda kwa namna ya pekee, kwa sababu kwa muda mrefu wanawake wa ukoo walikuwa waitikiaji nyuma ya wanaume, na sasa wamekuja mbele wakiwa na zeze na ilimba mikononi. Mgeni anaandika kwenye simu yake, anashukuru. Kisha anauliza, "Na mwingine?"

Hapo ndipo tunaponyamaza. Wagogo wote hawa, vijiji vyote hivi kuanzia Chamwino mpaka Mpwapwa na Manyoni, na majina yote ya kumpa mgeni yanatoka nyumba moja!

Wala si kwamba waimbaji hawapo. Njoo kwetu baada ya mavuno usikie muheme. Ngoma ile ni ya wanawake. Mama anaibana ngoma kwa miguu, kiuno chake chembamba kikiwa katikati ya mapaja, anapiga kwa viganja viwili, na wenzake kumi nyuma yake kila mmoja na pigo lake, wala hawagongani. Juu ya hapo wanaimba kwa sauti zilizopishana, nyingine juu, nyingine chini, bila mwalimu wa kwaya na bila karatasi. Mtaalamu wa muziki kutoka Hispania, Polo Vallejo, amekuja kuwasikiliza kwa miaka na miaka na kuandika kuhusu sauti hizo. Sisi wenyewe tunaziita Asili 17.

Mwaka jana baadhi yetu tulikuwa uwanjani kwenye mkutano mmoja mkubwa. Akina mama wa muheme waliletwa na fuso kabla jua halijatoka. Kuni za kukaushia ngozi hawakuruhusiwa kuwasha, wakazilaza ngoma juani zimeelekea mashariki, na kila baada ya muda mmoja wao anainuka, anaigonga moja kwa kidole, anaigeuza. Wamekaa hivyo mpaka saa tano. Mgeni rasmi alipoingia wakapiga dakika nne hivi, yaani muda wa kutoka kwenye gari mpaka jukwaani. Mshereheshaji akasema, "Tunawashukuru sana kikundi chetu cha ngoma za asili," na kipaza sauti kikaondolewa mbele yao wakiwa katikati ya wimbo. Aliyefuata alikuwa kijana wa bongo fleva. Huyo alitajwa jina lake, jina lake la utani, mtaa aliokulia na wimbo wake mpya. Hatuna ugomvi naye, na vizuri kwamba alitajwa. Tunauliza tu, kulikuwa na ugumu gani kutaja na jina la mama aliyewaongoza wenzake?

Mmoja wetu alimfuata wakati wanapanda fuso. "Shikamoo mama. Samahani, jina lako nani?" Yule mama akashtuka. "Marahaba. Jina langu la nini, mwanangu? Nimekosa nini?"

Mtu ameimba tangu ubinti wake, na siku ya kuulizwa jina anadhani ameshtakiwa.

Watu wa benchi letu wa makabila mengine nao wana yao. Fundi wetu wa viatu ni Msukuma, na akisikia mtu anasema wimbo wa asili hauna mwenyewe, anaweka nyundo chini. Usukumani, anasema, manju anajulikana kama mbunge. Anatunga nyimbo mpya kila mwaka, anaziongoza kwenye mashindano ya makundi ya Bagika na Bagalu, na watu wanajua ubeti huu ni wa manju yupi na ulimlenga nani. Wanyamwezi jirani zao walikuwa na Mzee Mwinamila na kundi lake la Hiari ya Moyo kule Tabora, na waliokuwa na redio zamani wanamkumbuka kwa jina, si kwa kabila. Dada wa duka la dawa ni Mhaya. Yeye atakuelekeza kwa Habibu Selemani, mpiga nanga aliyeweza kusimulia tendi nzima kwa ala ile moja, mpaka Profesa Mulokozi akazifanyia utafiti tendi hizo. Na atakuelekeza kwa Saida Karoli, aliyeimba Kihaya nchi nzima ikaitikia hata wasiojua neno moja la lugha hiyo. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny walipoutumia wimbo wake kutengeneza Salome, vijana walioupenda walijua pa kumtafuta mwenye asili yake. Walimpata kwa sababu jina lake lilikuwepo. Hebu chukua wimbo wa mama zetu wa muheme ufanyie hivyo hivyo: kijana atakayeupenda atamtafuta nani? Wagogo Kali?

Na wasituambie ni teknolojia. Siti binti Saad alitoka Fumba, Unguja, mtoto wa watu maskini, akavushwa bahari mpaka Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, na jina lake likaandikwa kwenye sahani. Ilikuwa 1928! Leo simu ya kila mtu ina nafasi ya kuandika maneno chini ya video. Tunaona video ya akina mama wa kwetu inazunguka, watu maelfu wamependa, na jina lililopo pale juu ni la mwenye simu.

Hata sheria ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 imezitambua sanaa za jadi, kwamba mtu asizichukue akafanyia biashara anavyotaka. Lakini mlinzi utamwambia nini wakati kitu chenyewe hakijaandikwa kimetoka kijiji gani? Mwamba ngoma huvutia kwake, walisema wazee. Mama zetu wamewamba wao, na kila apitaye na simu anavutia kwake.

Tunachokiomba hakihitaji bajeti. Mshereheshaji, kabla hujapanda jukwaani, muulize kiongozi wa ngoma jina lake na jina la kijiji chao, uandike kwenye kiganja kama huna karatasi. Mtangazaji, kama wimbo umeletwa bila jina, waombe wasikilizaji wakusaidie. Yupo mtu Kongwa atakayemtambua shangazi yake. Mwenye harusi uliyelipa wapiga ngoma, andika majina yao kwenye ile video kabla hujaituma. Na wewe unayetuma kwenye makundi ya WhatsApp "ngoma kali ya asili, sikilizeni", tunashukuru, ni kali kweli, lakini tupe na la kumwita mtu.

Yule mama wa fuso alitupa jina lake mwishoni, baada ya kuhakikishiwa kwamba hakuna kosa. Tuliliandika kwa biro nyuma ya ratiba ya mkutano. Gari limekwisha kuwashwa, akatugeukia tena akasema, "Andikeni na la mama yangu. Wimbo ni wake, mimi nimeuchukua kwake." Tukaandika la pili chini ya la kwanza.

Kesho yake tulikwenda kibandani na ile ratiba. Kijana alifungua folda, tukasikiliza moja baada ya nyingine, na kwenye Asili 9 tukamsikia, sauti ile ile. Akafuta Asili 9, akaandika majina yote mawili taratibu, herufi moja moja, akituuliza kama kuna "h" mbele au hakuna. Alipomaliza akashuka na kipanya mpaka chini kabisa ya folda.

"Sawa," akasema. "Na hawa wengine thelathini na nane?"