Meli ya Nyasa Isingoje Kuzimika

Boila ya meli Chauncy Maples ilikuwa na uzito wa tani 11, na hapakuwa na reli ya kuifikisha Ziwa Nyasa. Ikawekwa juu ya magurudumu, Wangoni wapatao 450 wakaikokota kwa kamba mwendo wa kilomita zipatazo 100. Meli yenyewe, mali ya wamisionari wa UMCA (Universities' Mission to Central Africa), iliundwa Glasgow mwaka 1899, ikaja vipande vipande na kushushwa majini mwaka 1901. Chombo kilichofika kwa jasho la namna hiyo hakitupwi kwa sababu ya bomba moja kuvuja.

Kikatumia mvuke hadi mwaka 1967, kilipofungwa injini ya dizeli. Huo ulikuwa uamuzi wa busara, kwa kuwa moyo ulibadilishwa mwili ukiwa bado unafaa. Mambo yaligeuka mwili wenyewe ulipozeeka: mpango ulioanza mwaka 2009 wa kuifanya meli hiyo zahanati inayoelea haukufika majini.

Swali la kutengeneza au kununua kipya, basi, lina sehemu mbili, na wengi huzichanganya. Boila ina jibu lake, bodi la meli lina lake. Na yote mawili hupimika. Fundi huijaza boila maji baridi, kisha huyasukuma kwa pampu hadi kupita shinikizo ambalo boila hufanyia kazi kila siku; penye udhaifu maji huchuruzika, wala hakuna mlipuko wa kuua mtu. Unene wa mabati ya bodi nao husomwa kwa kifaa cha mawimbi ya sauti, bila kutoboa tundu hata moja. Atakayeamua kwa kutazama rangi mpya iliyopakwa juu ya kutu anawachezea abiria.

Umri pekee si hoja. MV Liemba ya Ziwa Tanganyika iliundwa Ujerumani mwaka 1913. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916, baada ya kuzipaka injini grisi nzito. Ilipoibuliwa mwaka 1924, injini zilikutwa bado zinafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Dizeli ilichukua nafasi ya mvuke katika miaka ya 1970. Grisi ile ilipakwa na watu waliowaza mapema, na hapo ndipo penye somo kwa wasafiri wa Nyasa.

Upande wetu wa Ziwa Nyasa, MV Songea na MV Iringa zilichakaa hadi zikasimama huku mbadala wake haujawa tayari. Hasara ya pengo lile haikuandikwa katika hesabu ya karakana yoyote. Waliibeba watu wa mwambao, kuanzia Manda, Liuli na Kihagara hadi Mbamba Bay: mjamzito aliyepakiwa kwenye boti ya mbao upepo wa kusi ukivuma, mfanyabiashara wa dagaa aliyeuza kwa bei ya hasara kwa kuwa mzigo haukuwa na pa kwenda. Lami imefika Mbamba Bay kutoka Mbinga, lakini vijiji vingi vya ufukweni bado vinalitegemea ziwa.

Afueni ilikuja kwa MV Ruvuma na MV Njombe, meli za mizigo zenye uwezo wa tani 1,000 kila moja, kisha MV Mbeya II, iliyojengwa Kyela kubeba abiria 200 na tani 200 za mizigo. Ilianza kazi mwaka 2021. Bado ni changa, na kwa sababu hiyohiyo huu ndio wakati wa kuuliza maswali. Meli ikishazimika katikati ya ziwa, mwenye nayo hana tena nafasi ya kuchagua. Hulipa bei yoyote ya kipuri na kukubali fundi yeyote aliye karibu.

Wanaoisimamia meli hii wabandike katika kila bandari tarehe ya ukaguzi wa mwisho na unene wa bodi uliopimwa, kwa Kiswahili cha kueleweka. Sehemu ya kila nauli iwekwe kando kwa ajili ya injini ijayo, na kiasi kilichokusanywa kitangazwe kila mwaka. Madiwani wa Wilaya ya Nyasa wana haki ya kudai hayo katika kikao chao kijacho.