Moshi wa Chetezo na Kifua cha Mtoto



Ijumaa mbili zilizopita, tulipokuwa tukitoka darsani, bibi mmoja aliye rika la mama yangu alinishika mkono akanivuta kando. “Mwanangu,” aliniambia, “wewe husoma. Hebu nambie, udi umekuwa sumu lini?” Mkaza mwanawe amekataa kumleta mjukuu nyumbani kwake siku za Ijumaa, kwa kuwa mtoto ana pumu na daktari amesema moshi wa chetezo unamzidishia. Bibi amekasirika. Kwake yeye, kuambiwa asifukize nyumba siku ya Ijumaa ni sawa na kuambiwa asifagie. Na mjukuu mwenyewe ndiye wa kwanza.

Sikumjibu siku ile. Nilimwomba anipe muda nikasome, na haya ndiyo niliyoyapata.

Tuanze kwa kuuweka udi mahali pake. Hakuna anayetaka kuondoa manukato katika nyumba ya Muislamu. Mtume wetu (S.A.W.) alipenda harufu nzuri, na katika Sahih Muslim imepokewa kwamba Ibn Umar (R.A.) alikuwa akijifukiza kwa udi mtupu, na wakati mwingine akiutia kafuri, naye akaeleza kuwa hivyo ndivyo alivyojifukiza Mtume (S.A.W.). Sisi watu wa Pwani tumelipokea hilo tukalizidisha. Arusi haiwi arusi bila chetezo, maulidi vivyo hivyo. Mzazi hufukizwa katika arobaini yake, na nguo za Idi hutandazwa juu ya moshi usiku wa kuamkia sala. Swali la bibi basi si la halali na haramu. Ni swali la mapafu.

Udi hauwaki, hufuka. Kitu kinachofuka pole pole juu ya kaa hakiungui kikaisha, na kile kisichoungua hupanda kikiwa gesi kadhaa pamoja na chembe ndogo mno. Chembe ambazo wataalamu huzihofia zaidi zina upana usiozidi mikromita 2.5, unywele mmoja wa kichwani ni mnene kuliko hizo mara ishirini au thelathini. Pua haizizuii. Hushuka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na zilizo ndogo zaidi hupenya mpaka damuni. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba moshi wa ndani ya nyumba, ule wa kupikia kwa kuni, makaa, mafuta ya taa na mfano wa hayo, ulisababisha vifo milioni 3.2 katika mwaka 2020, na zaidi ya 237,000 kati ya hivyo vilikuwa vya watoto wasiotimiza miaka mitano. Hesabu hiyo ni ya jiko, si ya chetezo. Naitaja ili tukumbuke kwamba moshi unaonukia nao ni moshi.

Utafiti ulionigusa zaidi unatoka Oman, kwa watu ambao buhuri yao na yetu ni moja; Mwambao huu na Maskati zimebadilishana ubani, ndoa na maneno kwa karne nyingi. Mwaka 2009 madaktari wa huko walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watoto zaidi ya 2,000 katika mikoa miwili, waliowauliza wazazi wao juu ya pumu na juu ya ufukizaji nyumbani. Jibu la kwanza litamfurahisha bibi: hawakuona kwamba pumu imeenea zaidi kwa sababu ya buhuri. Jibu la pili ni la mkaza mwana. Miongoni mwa watoto ambao tayari walikuwa na pumu, zaidi ya theluthi moja walizidiwa na kifua walipofikiwa na moshi huo, na buhuri ikawa miongoni mwa vichocheo vikubwa pamoja na vumbi, mabadiliko ya hali ya hewa na maradhi ya njia ya pumzi.

Nilipofika hapo niliweka karatasi chini nikacheka peke yangu, kwa kuwa wagomvi wote wawili walikuwa na haki. Udi haukumpa mtoto pumu. Lakini mtoto akishakuwa nayo, udi humchokoza. Niongeze kwamba uchunguzi wa namna hii hutegemea kumbukumbu za wazazi, na huenda wenye watoto wagonjwa walikuwa wameshapunguza kufukiza kabla ya kuulizwa. Kwa hiyo lile jibu la kwanza tusilishike kama hati ya kumwachia udi kila kitu.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, walikwenda njia nyingine. Walitengeneza chumba kinachofanana na sebule ya nyumba ya Imarati, wakachoma humo aina mbili za udi juu ya makaa kwa saa tatu, wakapima hewa. Walikuta chembe hizo nilizozieleza, kaboni monoksaidi, gesi za salfa na naitrojeni, na formaldihaidi, ambayo wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani huihesabu katika visababishi vya saratani kwa binadamu. Kisha seli za mapafu ya binadamu zilizowekwa katika hewa ile zikaonyesha dalili za uvimbe mfano wa zile zinazoletwa na moshi wa sigara. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Ni kweli kwamba seli ndani ya kisahani si mtu mzima mwenye kinga yake, wala hakuna aliyesema kwamba chetezo kimoja cha Ijumaa ni pakiti ya sigara. Na Singapore, ambako Wachina zaidi ya 61,000 walifuatiliwa hadi miaka 12, waliofukiza sana na kwa muda mrefu walionekana kupatwa zaidi na saratani za njia ya juu ya pumzi na aina moja ya saratani ya mapafu. Wale ni watu wanaochoma ubani wa vijiti ndani ya nyumba siku baada ya siku.

Kwa kuwa tumo katika moshi, nitaje na ile dawa ya mbu ya kuchoma, ya duara, ambayo wengi huiweka chini ya kitanda cha mtoto kwa mapenzi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikuta kwamba dawa moja ikiungua yote hutoa chembe ndogo sawa na za sigara 75 hadi 137. Chandarua hakina moshi.

Turudi kwenye chetezo, tuangalie kilicho chini ya udi. Kaa lililokolea, jekundu, lisilotoa moshi hata kidogo, bado hutoa kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara mia mbili kuliko hewa safi tunayoihitaji. Aliyeivuta huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi humlemea, na usingizi huo huenda asiamke. Nawaza chumba cha bibi arusi: madirisha yamefungwa, kiyoyozi kinafanya kazi, pazia zimeshushwa, na chetezo kimeachwa pembeni ili harufu ikae. Mtume (S.A.W.) ametukataza kuacha moto ukiwaka majumbani tunapolala, na kaa ni moto. Vile vidonge vya makaa ya kuwaka upesi havina tofauti. Chetezo cha umeme huondoa gesi ya kaa, lakini moshi wa udi wenyewe unabaki pale pale.

Kuna jambo lingine ambalo sikulisoma popote, nimeliona kwa macho. Bibi zetu walifukiza katika nyumba za mawe zenye dari refu na kiwanda kilicho wazi juu, au chini ya makuti ambayo moshi hupita. Sisi tunafukiza katika ghorofa yenye vyumba viwili na madirisha ya vioo yasiyofunguliwa kwa ajili ya vumbi la barabara. Tena udi wa Ibn Umar ulikuwa gonjo la mti. Mwingi wa leo ni sukari, mafuta na marashi ya viwandani ambayo hata muuzaji hajui yametoka wapi. Mila imebaki, nyumba na udi vimebadilika.

Wako pia ambao moshi huu ni riziki yao, nao hawatajwi. Mama anayepika udi wa sukari kwa kuuza husimama juu ya sufuria saa nzima, wiki baada ya wiki, mara nyingi katika jiko lisilo na dirisha na mtoto mgongoni. Mwenye kupamba maarusi hufukiza nyumba tatu katika mwisho mmoja wa wiki. Dada wa kazi ndiye anayepuliza makaa. Kwa hao dozi ni kubwa kuliko ya mgeni anayepitishiwa chetezo mara moja, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi awalinde walio chini yake. Udi upikwe uani au darini, na upepo uwe mgongoni mwa mpishi.

Na nyumbani? Kaa likolezwe nje. Kipande cha udi kiwe kidogo, madirisha yawe wazi, na chetezo kitolewe nje baada ya dakika chache, kisiachwe sebuleni mpaka kizimike chenyewe. Mzazi afukizwe nguo zake, si yeye na kichanga chake ndani ya chumba kilichofungwa. Mwenye pumu, mjamzito na mtoto mchanga wasiwepo mpaka hewa itakate. Atakayeumwa kichwa au kuona kizunguzungu karibu na kaa atoke nje mara moja, na asipopata nafuu apelekwe hospitali.

Nilimsomea bibi haya yote Jumanne, sebuleni kwake. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu: moshi hukaa muda gani baada ya chetezo kuondolewa? Nikamwambia hilo hutegemea madirisha. Akanyanyuka kuyaangalia, mawili yalikuwa yamekwama kwa kutu, akamwita kijana wa jirani ayafungue. Sasa anafukiza Alkhamisi alasiri, na nguo anazitandaza darini. Mkaza mwana amesema atakuja Ijumaa hii, inshaAllah, na pampu ya pumu ataileta mkobani.