KUUNGANISHA SIO KUUNDA! Staa na Meli ya Boksi, Dogo wa Ipelele na Jahazi la Vipisi

Kuna staa mmoja wa mjini, jina kapuni, wiki nzima hii anatamba mtandaoni na picha ya meli ya mbao iliyokaa mezani sebuleni kwake. Matanga meupe, kamba nyembamba kama uzi, mizinga midogo ubavuni. Chini kaandika: "Nimeunda kwa mikono yangu." Mashabiki wakamwaga makopakopa kama mvua.

Ukweli ni huu. Meli ile ilitoka ng'ambo ndani ya boksi. Vipande vimekatwa na mashine, kila kimoja kina namba, na karatasi ya maelekezo imo humo humo. Ni starehe nzuri na inataka utulivu, hakuna anayebisha. Ila kuunganisha sio kuunda!

Mwenye haki ya kusema "nimeunda" yupo Ipelele, mkoani Njombe, kule juu ambako asubuhi baridi inafanya vidole vigome kushika kisu. Ni kijana tu wa kidato cha nne. Anaokota vipisi vya paina kwenye mashine za kupasua mbao, anatoa jahazi. Hana boksi wala namba. Anaanza na mkuku, anasimamisha mataruma moja moja, anabandika mbao za ubavuni, ndipo uje mlingoti, foromali na tanga la shati kuukuu.

Piga hesabu. Jahazi la mita 15 ukilipunguza mara 50 linabaki sentimita 30. Ubao wake wa sentimita 5 unabaki milimita 1. Huo wa milimita moja auchonge, aulainishe kwa maji ya moto, aukunje ufuate tumbo la chombo. Ukipasuka, anaanza upya. Jahazi moja linakula wiki sita.

Sasa sikia ubuyu wenyewe. Dogo alibeba jahazi lake mpaka Makambako, penye barabara kuu ya Dar na Mbeya, kutafuta mteja. Nani akashuka kwenye gari? Staa yuleyule! Akaligeuza geuza, akasema:

"Dogo, hii si midoli tu? Chukua elfu kumi."

"Kaka, shikamoo. Hiyo ni kazi ya wiki sita."

Jamaa akacheka, akapiga selfi nalo, akasepa. Picha ikapanda hewani bila jina la fundi. Elfu kumi gawanya kwa siku 42: haifiki hata shilingi 250 kwa siku. Hata andazi la kueleweka hupati!

Wapambe nao wakadakia: "Mtu wa milimani anajua nini kuhusu meli?" Hao jiografia iliwapita. Ng'ambo ya milima ya Livingstone kuna Ziwa Nyasa, na kuna meli ya mizigo inaitwa MV Njombe. Jina la mkoa wake linaelea majini, halafu yeye aambiwe meli hazimhusu?

Na hiyo "midoli" isidharauliwe. Mtepe, chombo cha pwani kilichoshonwa kwa kamba za minazi bila msumari, hausafiri tena. Leo wengi wanaujua umbo lake kwa sababu kuna fundi aliuchonga mdogo, kama ule wa makumbusho ya Lamu.

Wengine wanajitetea kwamba hata MV Liemba ilikuja kwa vipande. Kweli kabisa. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye makasha, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Ila historia inataja wazi ilipoundwa na ilipounganishwa. Staa anashindwa nini kuandika "nimeunganisha"? Herufi chache tu, heshima yake inabaki palepale.

Mjini kumezuka ugonjwa wa kusifia kipaji cha mtu wa chini huku mkono umeshikilia pochi. "Dogo ana kipaji!" halafu anaombwa punguzo. Laiki hazinunui unga. Ukipiga picha kazi ya fundi, taja jina lake. Ukiitaka, lipa.

Haya wadau, wiki sita za jasho, wewe ungetoa shilingi ngapi? Shusha komenti hapo chini. Ila wa elfu kumi apite kimya kimya.