Ujasiri Usioishia Kwenye Jiwe la Msingi

Wako watu wanaoamini kwamba nyakati za mashaka ni nyakati za kukaa kitako na kungoja. Husema kwamba bei zikitulia watapanda, hali ikieleweka watajenga. Wako na wengine wanaoyachukua mashaka kuwa ni ruhusa ya kurusha shilingi hewani na kuufuata upande itakaoangukia. Makundi haya mawili hulaumiana sana, lakini yote mawili yameikwepa kazi moja, nayo ni kazi ya kupiga hesabu.

Katika Nyanda za Juu za Kusini upo ushahidi wa uamuzi uliofanywa kwa namna nyingine. Mtu yeyote aliyesimama Makambako au Mbeya na kuiona reli ya TAZARA ameuona. Tarehe 11 Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia, wakiongozwa na Ian Smith, walijitangazia uhuru wao haramu. Zambia, ambayo ilikuwa imejitawala kwa mwaka mmoja tu, ilijikuta sehemu kubwa ya shaba yake ikitegemea njia zilizokuwa mikononi mwa mahasimu wake. Tanzania, jirani yake, ilikuwa nchi changa na maskini. Tayari Benki ya Dunia ilikuwa imekwisha kushauri mwaka 1964 kwamba reli hiyo haikuwa na faida ya kutosha, na mataifa makubwa ya Magharibi yaliyoombwa fedha hayakutoa.

Mwalimu Julius Nyerere na Rais Kenneth Kaunda walipima jambo ambalo hesabu ile haikulitilia uzito, yaani gharama ya kutojenga. Nchi isiyo na njia ya kwenda baharini isipokuwa kwa hisani ya adui hulipa kila siku, ingawa malipo hayo hayaandikwi katika kitabu chochote. Basi tarehe 5 Septemba 1967 mkataba na China ulitiwa sahihi mjini Beijing. Kazi ilizinduliwa Oktoba 1970, na tarehe 14 Julai 1976 reli ya kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa rasmi. Sehemu iliyokuwa ngumu kuliko zote ilikuwa ile ya kupanda kutoka Mlimba hadi Makambako, penye mabonde, madaraja na mahandaki. Wachina zaidi ya 60 walipoteza maisha katika ujenzi huo, pamoja na Watanzania na Wazambia.

Mtumishi wa serikali au mwalimu wa Iringa anaweza kuuliza habari hizi zinamhusu nini yeye, ambaye hajengi reli. Zinamhusu sana. Yeye naye anaishi katika wakati ambapo bei ya mbolea haitabiriki, soko la mahindi hufunguka na kufungwa, na siku ya kustaafu inakaribia. Naye hana budi kuamua.

Fundisho la kwanza limo katika masharti ya mkopo. China ilitoa yuan milioni 988, bila riba, zilipwe kwa muda wa miaka 30. Sehemu ya gharama za hapa nchini ilipatikana kwa kuuza bidhaa za Kichina madukani. Muda wa deni ulilingana na umri wa kitu kilichojengwa. Sasa tazama mambo yanayotokea Mufindi na Rungwe. Mwalimu huchukua mkopo unaokatwa katika mshahara wake kuanzia mwezi unaofuata, kisha huutumia wote kupanda mipaina, ambayo itamngojesha miaka 10 na zaidi. Makato hayaungoji mti ukue. Mwaka wa pili mtoto hudaiwa ada, na shamba huuzwa kwa bei ya kutupa kwa mtu mwenye uwezo wa kungoja. Mwalimu huyo hakukosea kwa kuwa jasiri, wala mipaina haina kosa. Alikosea kalenda. Mparachichi uliobebeshwa huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, na viazi huvunwa katika miezi michache. Mwenye busara huchanganya zao la karibu na zao la mbali, ili moja limlishe wakati lingine linakua.

Fundisho la pili ni kutotegemea njia moja. Wakati reli ingali katika majadiliano, bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilishwa mwaka 1968, na barabara ya lami ya kwenda Zambia ilijengwa kupitia nyanda hizi hizi za Iringa na Mbeya. Kama reli ingechelewa, Zambia isingekosa pumzi.

Fundisho la tatu ni chungu, na halifai kufichwa. Reli iliyokusudiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka ilishuka hadi chini ya tani 100,000 katika mwaka wa 2014/15. Kweli, kusini kulipopata ukombozi njia nyingine zilifunguka, na malori yakachukua mizigo. Lakini vichwa vya treni vilivyokosa vipuri na njia iliyokosa matengenezo vilikuwa na sehemu kubwa katika kushuka huko. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Septemba 2024 marais wa Tanzania, Zambia na China walishuhudia mjini Beijing kutiwa sahihi kwa hati ya makubaliano ya kuifufua reli hiyo. Ukuta, basi, ndio unaojengwa.

Kiwanda cha karatasi cha Mgololo kinashuhudia jambo hilo hilo. Kilianza kazi katika miaka ya 1980 kwa kutegemea misitu ya Sao Hill, kikasimama katika miaka ya 1990, na kikafufuka baada ya kubinafsishwa. Misitu ilikuwepo wakati wote.

Kwa hiyo, anayekusudia kuanzisha shamba, duka au nyumba katika kipindi hiki asikatishwe tamaa na mashaka ya dunia, kwa maana dunia haijapata kukosa mashaka. Akae na mwenzake wa nyumbani, waandike mambo matatu kabla ya kutia sahihi popote: watapoteza nini wasipofanya lolote, deni litalipwa na nini kabla ya mavuno ya kwanza, na fedha ya palizi, dawa na matengenezo ya mwaka wa tatu itatoka wapi. Wakikosa jibu la swali la tatu, wapunguze ekari mpaka jibu lipatikane. Ekari moja iliyopaliliwa ina heshima kuliko ekari kumi zilizomezwa na magugu.