Mastaa, huo mkweche wa Ulaya tuonyesheni na viza yake

Leo mniache niseme, maana nimesoma komenti zote chini ya zile picha na naona tunadanganyana kwa pamoja huku tunapigiana makofi.

Picha mnazijua. Yule staa wetu, jina silitaji, mwenye kujua anajua, yuko kusini mwa Ulaya na mchumba wake Mzungu. Hawalali hotelini, wanalala kwenye gari. Gari lenyewe mkweche haswa: rangi imebanduka, mlango wa pembeni mpaka usukumwe kwa goti, na kwenye moja ya vidio injini inakohoa mara tatu ndiyo inawaka. Leo Ureno, wiki ijayo Hispania, baadaye Italia. Chini yake maneno marefu ya uhuru, kuacha presha za mjini, kuishi na vitu vichache. Na nyie mmejaa hapo: "huyu ndiye ameyapatia maisha", "Mungu naomba na mimi", mioyo mekundu kibao.

Kwanza tukumbushane kitu. Huyu si ndiye alimpiga vijembe wiki nzima msanii mwenzake kwa sababu alionekana anashuka kwenye Noah ya abiria? Tulicheka wote. Noah ya Bongo ni aibu, kigari cha Ulaya chenye umri mkubwa kuliko dereva wake ni falsafa. Haya.

Mimi naandika nikiwa Endasak. Kwa msiopajua, ni wilaya ya Hanang, mkoa wa Manyara, kwenye lami inayotoka Babati kwenda Katesh mpaka Singida. Mlima Hanang huu hapa, ukiinua kichwa unauona. Mkweche tunaujua kuliko mnavyodhani. Ukipanda Hiace ya asubuhi kwenda Babati, miguuni una gunia la mbaazi, mapajani una mtoto wa mwenzio, na kama umekaa pembeni kazi yako ni kushikilia mlango. Ikichemsha, konda anashuka na kidumu kutafuta maji, abiria mnakaa kivulini mnasubiri. Sijawahi kumsikia hata mmoja akisema ameupata uhuru. Serikali yenyewe, ukiingiza gari kuukuu kutoka nje, inakutoza ushuru wa uchakavu. Kwetu uzee wa gari unalipiwa faini, kwao unapigiwa picha jua likizama.

Msinielewe vibaya, gari kuukuu sina ugomvi nalo. Mtu anayeweza kuishi na kitanda, jiko la gesi na ndoo ya maji namheshimu, nusu ya nchi inaishi hivyo bila kuposti. Ugomvi wangu ni kwamba zile picha zimekatwa pembeni, na kilichokatwa ni karatasi.

Hapa barabarani Wazungu wenye magari ya namna ile wanapita. Land Rover imechoka, namba za Ujerumani au Uholanzi, hema juu ya paa, vidumu nyuma. Viza ya utalii ya Tanzania kwa wengi wao ni dola 50, Mmarekani dola 100, unaomba mtandaoni au unalipa unapofika. Hakuna anayewadai barua ya mwajiri. Usiku ukiwakuta wanaomba sehemu ya kuegesha, mama mwenye kibanda cha chai anawauzia chapati, watoto wanakuja kushangaa, asubuhi wanaondoka zao. Vizuri, karibuni sana, mgeni ni mgeni.

Sasa geuza safari. Wewe wa Endasak unataka kuzunguka Ureno na Hispania kwa gari bovu. Ada ya viza ya Schengen tangu Juni 2024 ni euro 90, na ukinyimwa hairudi. Unatakiwa bima ya safari ya kuanzia euro 30,000. Unatakiwa taarifa za benki, uthibitisho wa kazi, sababu za kukufanya urudi nyumbani. Na unatakiwa uonyeshe utalala wapi. Hapo ndipo huwa nacheka. Jaribu kumwambia afisa wa viza, "Mheshimiwa, nitalala kwenye gari, popote usiku utakaponikuta." Mwenye pasi ya Ujerumani akisema hivyo anaitwa msafiri. Wewe mwenye ya Tanzania unaonekana ushaamua kuzamia. Na ukiipata, ni siku zisizozidi 90 katika kila siku 180. Staa wetu ana mwenyeji wa kumwandikia mwaliko, ana akaunti inayosomeka, ana mihuri ya safari za nyuma. Hayo ndiyo yanayomzungusha Ulaya, mkweche ni kofia tu.

Na huo uhuru wenyewe, jamani, hata wenye pasi wamewekewa mipaka. Ureno mwaka 2021 walibadilisha sheria ya barabarani. Kwenye maeneo ya hifadhi, na sehemu kubwa ya ile pwani nzuri mnayoiona kwenye picha ni hifadhi, kulala kwenye gari nje ya sehemu zilizoruhusiwa ni marufuku. Kwingineko huruhusiwi kuzidi saa 48 katika manispaa moja kama hujaegesha sehemu iliyotengwa. Barcelona tangu Januari 2020 magari ya zamani yasiyo na stika ya mazingira hayaruhusiwi kuzunguka mchana siku za kazi. Na Julai 2024 wenyeji wa Barcelona hao hao waliandamana wakawa wanawarushia watalii maji kwa bastola za kuchezea, wamechoka, kodi za nyumba zimepanda mpaka watoto wao hawapati pa kupanga. Wako wenyeji wa huko wanaolala kwenye magari kwa sababu ya kodi, siyo kwa sababu ya jua kuzama. Hilo nalo staa hakuliona dirishani?

Tuje kwenye linaloniuma zaidi. Huko huko kusini mwa Ulaya, barabara zile zile, kuna Waafrika wengi wanaolala bila nyumba na hawapigwi picha za kupendeza. Huelva, Hispania, wavuna stroberi. Almería, kwenye yale mashamba yaliyofunikwa nailoni mpaka ardhi inaonekana nyeupe kutoka angani. Wanaishi kwenye vibanda vya mbao za makreti na hizo hizo nailoni, bila choo, bila maji ya bomba. Februari 2020 mtaalamu wa Umoja wa Mataifa wa masuala ya umaskini uliokithiri, Philip Alston, alifika Huelva akatoka akisema hali aliyoikuta ni miongoni mwa mbaya kabisa alizoziona popote duniani. Popote duniani, na mtu yule ametembea. Nenda Italia, Rosarno, mkoa wa Calabria: Januari 2010 wavuna machungwa wa Kiafrika walipigwa risasi za bunduki ya upepo, wakaandamana, zikazuka vurugu za siku kadhaa, na mwisho wake zaidi ya elfu moja wakaondolewa mjini. Machungwa yakabaki.

Kwa hiyo kulala nje kusini mwa Ulaya kuna madaraja. Daraja moja unapata laiki laki mbili. Daraja la pili unavunjiwa kibanda. Gari na nailoni vyote havina choo, tofauti ni karatasi mfukoni. Sasa kijana wa Kiafrika akiona picha ya staa mweusi mwenzake anakunywa kahawa mlangoni mwa kigari, bahari nyuma, unadhani yeye akifika kule atapangiwa daraja lipi?

Mtasema naongea hewani. Sawa. Hapa kwetu yuko kijana, jina nalihifadhi, picha ya lile gari aliiweka kwenye kioo cha simu yake. Amemaliza kidato cha nne, analima na baba yake vitunguu na mahindi. Akampata wakala mtandaoni, ofisi iko mji fulani, tangazo limeandikwa "viza uhakika". Ng'ombe watatu wakauzwa mnadani. Halafu nusu eka ikakodishwa kwa miaka miwili ili kujazia. Wakala akapokea, akatuma fomu moja, akatuma nyingine, akaomba "ya kufanikisha", kisha simu ikawa haipatikani mpaka leo.

Wa mjini mkisikia ng'ombe watatu mnapiga hesabu ya nyama. Kwetu ng'ombe ana historia. Mmoja kati ya wale hakuwa wao kabisa, alikabidhiwa baba yake na ndugu ili amtunze, kama tunavyofanya huku, mimi nalisha wako, maziwa nakunywa, ndama tunaelewana. Sasa ndugu anadai ng'ombe wake, wazee wamekaa vikao viwili, na yule kijana haendi hata kijiweni, anaona aibu. Mama yake kaniambia kitu kimoja: "Mwanangu hakutaka kazi ya Ulaya, alitaka kuzunguka tu kama wale." Nilikosa la kumjibu.

Najua komenti zinazokuja. "Wivu." Sawa, andikeni. "Staa hakumwambia auze ng'ombe." Kweli, hakumwambia. Lakini wadau, rudini kwenye ukurasa wake mshuke chini kidogo. Katikati ya picha za bahari kuna posti ya tangazo la wakala wa safari, staa anatabasamu, na maneno ni yale yale: uhakika, haraka, usipitwe. Sisemi ni wakala yule aliyekula ng'ombe wa watu, hilo sina ushahidi nalo. Nasema hakuna wakala hapa duniani anayeweza kukuhakikishia viza ya Schengen, kwa sababu anayeamua ni ubalozi, siyo wakala. Anayekuuzia uhakika anakuuzia kitu ambacho hana. Na staa anajua, kwa sababu yeye mwenyewe kapanga foleni hiyo. Hapo ndipo nasema tumetoka kwenye kuota tumeingia kwenye biashara, na mwenye kupokea hela ya tangazo asijifiche nyuma ya neno ndoto.

Mwingine atasema, basi aje azunguke Bongo. Kwa kweli ningependa. Atoke Minjingu, apite Babati, alale Endasak, aende Katesh achukue kibali cha TFS apande Hanang, mlima wa zaidi ya mita 3,400 ambao Watanzania wengi waliusikia kwa mara ya kwanza Desemba 2023, tope liliposhuka likaua watu zaidi ya 80. Akishuka aone Ziwa Balangida na chumvi yake. Ila nisiwapake mafuta, na sisi tuna letu. Ukija na gari la kulala leo hapa, sehemu rasmi ya kuegesha yenye maji na choo cha kueleweka sijui nikuelekeze wapi. Wazungu wanaopita tunawapungia mkono, hela inaenda kulala mbele. Hilo la madiwani na sisi wenye viwanja barabarani, nitaliandikia siku yake.

Nachotaka kwa staa ni kidogo sana. Achukue lile gari lile lile, bahari ile ile, aposti posti moja: niliomba viza mara ngapi, nilinyimwa mara ngapi, nilionyesha benki shilingi ngapi, gereji imekula kiasi gani tangu tumetoka Lisbon, na polisi wametugongea kioo usiku mara ngapi tuhame. Halafu lile tangazo la wakala alifute. Urembo wa picha hautapungua.

Akikataa, tufanye wenyewe. Wadau mliowahi kuomba Schengen mkiwa Tanzania, mliopata na mlionyimwa, andikeni hapo chini: mwaka gani, ubalozi gani, mlilipa jumla shilingi ngapi, mlijibiwa nini. Majina ya watu msiweke. Yule kijana kijiweni haendi, lakini simu anayo, na blogu hii anaisoma.