Bawabu, Hakimu na Lafudhi ya Mlimani

Muhula wa kwanza ukifika, shule zetu za kuzunguka Mlima Kenya hujaa sauti za mazoezi ya maigizo. Kuanzia Othaya na Karatina hadi Kerugoya, Embu, Chuka na Meru, wanafunzi hubaki ukumbini baada ya masomo wakijiandaa kwa tamasha la kitaifa la drama na filamu. Wa Nyeri na Kirinyaga hushindana katika eneo la Kati, wa Embu na Meru katika Mashariki, na wa Nanyuki, ingawa mlima wanao mlangoni, huhesabiwa Bonde la Ufa. Hapo ndipo wasichana wengi wanaotamani uigizaji wanapoanzia. Hapo pia ndipo wengi wao wanapokomea, na sababu mojawapo, ambayo hatupendi kuitaja, ni ulimi.

Itazameni michezo yetu kwa makini. Bawabu, yaya, mlevi na mama wa kijijini hupewa lafudhi nzito ya Gikuyu au Kimeru, na ukumbi huangua kicheko hata kabla mzaha wenyewe haujatamkwa. Daktari, wakili na msichana anayeposwa huzungumza kama wasoma habari wa redio. Katika shule moja ambayo sitaitaja, nilimwona msichana wa kidato cha pili akiigiza hakimu kwa utulivu ambao watu wazima wengi hawauwezi. Alisema "ndawa" mahali pa "dawa", mara mbili, basi akaondolewa katika nafasi hiyo na kupewa ya mpishi. Alichekesha sana, akapongezwa. Sidhani aliyeamua hivyo alikuwa na nia mbaya. Alifuata desturi, na desturi hiyo ndiyo ninayoipinga.

Vijana huita jambo hili kushrabu, na walio wengi hudhani ni uzembe wa kinywa. Si uzembe. Lugha ya Gikuyu haina kitambaza /l/ kama fonimu, na vipasuo ghuna vyake havisimami bila kutanguliwa na nazali. Ndiyo maana gari likawa ngari na dawa ikawa ndawa, kwa kanuni ile ile, kila mara, kwa kila mzungumzaji. Msichana yule hakukosea ovyo. Alikuwa akitii sarufi aliyoinyonya nyumbani. Ajabu ni kwamba mtu wa Mombasa akisema "mato" badala ya "macho" tunaona ladha ya ushairi, ilhali naye yuko mbali na Kiswahili sanifu, ambacho msingi wake ni Kiunguja kilichoteuliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Lafudhi moja tumeipa heshima, nyingine tumeipa ufagio.

Najua jibu la walimu wenzangu wa Kiswahili. Watasema kura si kula, mahari si mahali, na mwanafunzi asiyetofautisha atapoteza alama katika insha na maana katika mazungumzo. Ni kweli, nami hufundisha hivyo. Lakini darasa la matamshi ni jambo moja, na mgawanyo wa nafasi jukwaani ni jingine. Mwigizaji akifundishwa kutamka /l/ kama anavyofundishwa kuanguka bila kuumia, amepata ufundi. Akinyimwa nafasi ya hakimu kwa kuwa bado hajaumudu ufundi huo, huku akipewa ya mpishi papo hapo kwa sababu hiyo hiyo, amefundishwa jambo jingine kabisa juu ya watu wa kwao.

Wakibanwa, walimu hawa humtaja Lupita Nyong'o: angefikaje Marekani bila ulimi laini? Mfano huo wautazame vizuri. Lupita alimwigiza Juliet katika tamthilia ya Shakespeare akiwa na miaka 14, jijini Nairobi, na kikundi cha Phoenix Players. Mwaka 2009 alionekana katika tamthilia ya televisheni ya Shuga, na mwaka huo huo akatoa filamu yake ya hali halisi kuhusu ualbino nchini Kenya, In My Genes. Kisha akaenda kusomea uigizaji katika Chuo Kikuu cha Yale, alikohitimu mwaka 2012. Filamu ya 12 Years a Slave ilitoka mwaka 2013, na Machi 2014 akapokea tuzo ya Oscar. (Tukiri pia kwamba babake ni profesa na mwanasiasa, msichana wa Mukurweini hana njia zile zote.)

Katika podikasti yake ya Mind Your Own, iliyoanza mwaka 2024, Lupita amesimulia kwamba akiwa Yale aliazimia kuzungumza Kimarekani tu, asije akanyimwa kazi kwa sababu ya lafudhi. Alifaulu, na kufaulu huko kukamwachia huzuni ya kutoitambua sauti yake mwenyewe. Filamu ile ilipomtoa mbele ya waandishi wa habari wa dunia, aliamua kuirudia lafudhi yake ya Kenya. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo, ila mwigizaji kazi yake ni kuvaa nguo za kuazima: Lupita amezungumza kama Mganda katika Queen of Katwe mwaka 2016, na Kixhosa katika Black Panther mwaka 2018. Kuvaa ni kazi. Kuichoma nguo ya nyumbani haikuwa sharti la kazi.

Wala lafudhi yetu haikosi historia jukwaani. Wanakijiji wa Kamirithu, Limuru, waliigiza Ngaahika Ndeenda kwa Gikuyu mwaka 1977, na serikali iliiogopa kiasi cha kuipiga marufuku. Marehemu Wahome Mutahi, mzaliwa wa Nyeri, alipeleka tamthilia za Gikuyu hadi kwenye mabaa, na watu wakalipa kuzitazama. Tangu mwaka 2015 Inooro TV imekuwa ikitangaza kwa lugha hiyo hiyo.

Ombi langu kwa waelekezi na waamuzi ni dogo. Alama za kusikika zitenganishwe na hisia zetu kuhusu lafudhi: kama mtu wa safu ya nyuma ameelewa kila neno, hakimu ametamka vya kutosha. Na yule bawabu naye, msimu ujao, apewe Kiswahili cha msoma habari, tuone kama ukumbi utacheka.