Mpango wa mji ni hifadhidata, si picha ya ukutani

Leo naweka kando Python na seva, tuongee kuhusu ploti. Najua wengi wenu mko katika ule umri ambao kila mkipiga simu nyumbani mnaulizwa mtanunua lini kipande cha ardhi (hata mimi naulizwa), kwa hivyo msitoroke, mada inawahusu.

Chukua Kitengela, kule Kajiado. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 58,167. Ile ya 2019 ikahesabu 154,436. Piga hesabu utaona ni ukuaji wa zaidi kidogo ya asilimia 10 kila mwaka, yaani mji unaongezeka maradufu kila baada ya miaka 7 hivi. Mtoto akianza shule ya msingi leo, akimaliza mji umekuwa miwili. Sababu zinajulikana: Nairobi iko karibu na ni ghali, barabara ya Namanga inapita katikati, viwanda vya EPZ vya Athi River viko jirani, na ardhi ya malisho iliyokuwa ya pamoja ilikuwa imeshagawanywa kwa mtu mmoja mmoja. Mwenye ekari 20 anauza, mnunuzi anazikata hamsini kwa mia, bango linasimama kando ya lami.

Sasa sikiliza mahali shida inapoanza. Huyo anayekata ekari 20 hana makosa yoyote. Anamleta soroveya, anaacha barabara ya mita 9 katikati, anapata kibali, anauza. Jirani yake naye anafanya vivyo hivyo, ila barabara yake imeelekea upande mwingine. Wa tatu kadhalika. Baada ya miaka 15 una vipande mia, kila kimoja kimepimwa vizuri, na hakuna barabara hata moja inayotoka mwisho mmoja wa mji hadi mwingine isipokuwa ile ya zamani ya lami. Matatu, lori la mawe, boda boda na mzazi anayempeleka mtoto shule mtaa wa pili wote wanarudi pale pale. Kwa lugha ya kazi yangu: kila moduli imepita majaribio yake, lakini mfumo mzima haufanyi kazi.

Maji taka ndiyo mabaya zaidi, kwa sababu bomba la maji taka halibembelezwi. Linataka mteremko. Njia yake ya asili ni bondeni, na bonde likishajengwa unabaki na mambo mawili: kubomoa au kusukuma kwa pampu, na pampu inataka stima kila siku ya Mungu. Ndiyo maana katika miji hii mingi kila nyumba ina shimo lake, lori la kunyonya linakuja ukiliita, na hatua chache kutoka kwenye shimo kuna kisima ambacho mwenye ploti amechimba kwa pesa nyingi.

Watu husema Kenya haina mipango. Si kweli, mipango tunayo. Nairobi ilipata mpango mkuu wa 1948, kisha mkakati wa 1973 uliolenga hadi mwaka 2000. Uliofuata ulikuja 2014. Hiyo ni miaka 14 ya mji mkuu kukua huku mpango wake umeshapitwa na tarehe! Lakini hata hilo mimi silioni kuwa ndilo kubwa. Kubwa ni namna mpango unavyohifadhiwa na nani anaweza kuusoma.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 110, inasema kila kaunti iwe na mpango wa matumizi ya nafasi wa miaka 10, na inataja waziwazi kwamba uwe katika hifadhidata ya GIS, yaani mfumo wa taarifa za kijiografia. Soma tena hapo. Bunge liliandika neno la hifadhidata ndani ya sheria. Mimi kama mtu wa programu nilifurahi sana nilipolisoma mara ya kwanza. Halafu nikaenda katika ofisi moja ya kaunti (siitaji, na si Kajiado) kuuliza kama barabara imepangwa kupita kwenye ploti fulani. Nilionyeshwa ramani nzuri ya rangi, ukutani. Njano ni makazi, zambarau ni viwanda. Nilipoomba faili nikaambiwa nipige picha kwa simu. Kwenye picha hiyo, unene wa mstari wa barabara ulikuwa sawa na upana wa ploti tatu.

Ramani ya aina hiyo haiwezi kujibu swali la mnunuzi. Mnunuzi hataki kujua rangi ya mtaa. Anataka kujua: namba hii ya ploti, je, mstari unaikata au hauikati?

Tunakumbuka bomoabomoa za Syokimau mwaka 2011, na za ardhi ya kiwanda cha saruji kule Athi River mwaka 2023. Hizo zilikuwa kesi za nani mwenye ardhi, na zilipigiwa kelele kwa haki. Mfumo wa Ardhisasa, uliozinduliwa Aprili 2021 ukianzia Nairobi, unaweza kusaidia upande huo. Lakini mtu anaweza kuwa na hati safi kabisa na bado akajenga mahali ambapo mji ungehitaji kupitisha barabara. Huyo hatabomolewa. Barabara ndiyo haitakuja, na atakayelipa ni mtaa mzima.

Maoni yangu ni haya: tupange vitu vichache zaidi, lakini tuvipange kwa vipimo. Mtaalamu wa mipango miji Shlomo Angel amependekeza miji inayokua haraka itenge kwanza barabara kuu tu, upana wa mita 25 hadi 30, moja kila kilomita, kabla watu hawajafika. Miji kadhaa ya Ethiopia, Hawassa na Bahir Dar ikiwemo, imejaribu njia hiyo. Fanya hesabu ya kilomita moja ya mraba: mita 30 kwa mita 1,000 mara mbili, toa makutano yaliyohesabiwa mara mbili, unapata kama mita za mraba 59,000. Ni karibu asilimia 6 ya ardhi. Ongeza mabonde ya maji, na viwanja vya shule na soko. Mengine, nani ajenge ghorofa na nani afungue kinyozi, yanaweza kujadiliwa baadaye. Hapo najua wapangaji miji watanirukia, karibuni.

Halafu mistari hiyo iwekwe wazi kama faili yenye viwianishi, yenye tarehe na toleo, ili toleo la Machi likitofautiana na la Juni kila mtu aone kilichosogezwa na kwa manufaa ya nani. Zana ni za bure. QGIS ni programu huria. Vijana wa Kibera walichora mtaa wao kwenye OpenStreetMap mwaka 2009 wakiwa na vipokezi vidogo vya GPS, kwa hivyo hatuwezi kusema kaunti yenye bajeti inashindwa.

Kuna jamaa yangu soroveya anayenipinga. Anasema ukitangaza mistari mapema, mabroka watanunua kando yake kabla ya mwananchi. Nakubali watajaribu. Lakini broka hahitaji tovuti, yeye ana mtu ndani ya ofisi. Anayefichwa ramani ikikaa ukutani ni mwalimu aliyechukua mkopo wa sacco.

Na Kitengela ina jambo lisilongoja. Hifadhi ya Nairobi, iliyotangazwa 1946, haina ua upande wa kusini, kwa sababu wanyama hutoka kuelekea nyanda za Athi-Kapiti na kurudi. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wafugaji dola 4 hivi kwa ekari kwa mwaka wasiweke ua wala kuuza. Linganisha pesa hizo na bei ya ploti moja ya hamsini kwa mia. Bonde likijengwa unaweza kununua pampu, lakini nyumbu hawana njia ya pili.

Wiki ijayo nitaonyesha jinsi ya kuchora gridi ya kilomita moja kwenye QGIS juu ya picha ya setilaiti. Chagueni mji wenu, mhesabu ni makutano mangapi bado yako wazi, mniandikie hapo chini.